Kigudulia cha Bi Tamsin

Mama mkwe wangu, Bi Tamsin Luscombe, alivuka bahari kuu akiwa amekumbatia kigudulia kifuani kama mwanamke anayenyonyesha. Kilikuwa kigudulia cha udongo, kimo chake ngumi mbili, mdomo umefungwa kitambaa cha kitani ili kilichomo kipate kupumua. Maana kilichomo kilikuwa hai. Ilikuwa chachu ya pombe. Alipewa na mama yake kule Devon, naye mama yake alipewa na mama yake, na ukirudi nyuma hivyo hivyo nadhani utafika kwa mke wa Nuhu. Abiria wengine walibeba Biblia, mbegu na bunduki. Bwana mmoja alibeba kola tatu za lesi na hakubeba jembe. Tamsin alibeba chachu, na kila meli ilipolala ubavu, wenzake walipaza sauti kumwita Mungu, yeye alipaza sauti, "Isimwagike!"

Mimi sikuwepo. Nilikuja kwa meli ya baadaye, nikaolewa na mwanawe. Lakini kisa hiki nimekisikia kwa kila mtu aliyebaki hai Axmoor Mpya, kila mmoja na chumvi yake, nami nimechagua chumvi iliyo tamu.

Mumewe, Digory Luscombe, alikuwa fundi mapipa. Mtu mkubwa, mabega kama mlango wa zizi, sauti yake ukiisikia ukiwa nje unadhani ndani kuna watu wanne. Na Digory hakunywa maji. Msinielewe vibaya, kule walikotoka hakuna aliyependa maji. Maji ya mji wao yalipita machinjioni, yakapita kwa watengeneza ngozi, ndipo yakafika kwako, na aliyekunywa alizikwa. Kwa hiyo watu walikunywa pombe asubuhi, mchana na jioni, wazee kwa watoto, pombe nyepesi isiyoweza kulevya hata kuku. Lakini Digory alizidi wote. Mdogo wake, Pascoe, alikunywa maji ya mfereji siku moja ya jua kali, na kabla ya Jumapili akawa kwenye jeneza. Digory aliweka mkono juu ya jeneza hilo akaapa kwamba maji matupu hayatapita kooni mwake mpaka naye afe. Na Digory akishaapa, hata ng'ombe walijua kwamba basi tena.

Sasa, mtu wa namna hiyo ndiye aliyeshushwa kwenye ufuo mtupu, mwanzo wa majira ya baridi, bila pipa hata moja la pombe.

Nahodha aliwashushia misumari, turubai na samaki wakavu. Pombe aliibakiza melini.

"Mabaharia wangu wana safari ya kurudi," alisema. "Unataka wanywe nini?"

"Na sisi tunywe nini?" Digory alimfokea.

"Nyie mna mto mzima, bwana. Tena hauna mwenyewe."

Shayiri waliyoikusudia kutengenezea kimea ilikuwa imeingiwa na maji ya bahari ikaoza, ilinuka kama soksi za baharia. Kwa hiyo Tamsin alikuwa na chachu lakini hana cha kuchachusha.

Mto kuwa hauna mwenyewe, hilo ni neno la nahodha. Walijenga Axmoor Mpya juu ya mashamba waliyoyakuta yamekwisha fyekwa, na hakuna aliyeuliza sana ni nani aliyeyafyeka. Wenyeji walipokuja baadaye, walikuja na mahindi na maboga kubadilishana na visu. Mama mmoja miongoni mwao alitua mzigo wake, akaenda kwenye chemchemi iliyo nyuma ya nyumba zetu, akainama, akanywa maji kwa viganja. Wanaume wetu walisimama wakamtazama kama watu wanaomtazama mtu anayetembea juu ya paa.

"Ngoja," Digory alinong'ona. "Sasa hivi anaanguka."

Hakuanguka. Alijifuta kidevu, akawaona wanavyomtazama, akacheka mpaka akakaa chini.

"Matumbo yao yamezoea," alisema Shemasi Hananiah Pyne, aliyekuwa mkuu wa kijiji na wa ibada pia, na mjadala ukafungwa.

Walikuwa wakiyatumia maji, msidhani walikuwa samaki wakavu. Maji yaliyopikwa uji yalihesabika kuwa uji. Maji yaliyopikwa mifupa yalihesabika kuwa supu. Aliyebanwa kabisa na kiu alichanganya na siki, akafumba macho, akasali, akameza. Digory yeye aliishi kwa uji na supu, kila siku akiuliza, "Tamsin, kigudulia kinaendeleaje?" kama mtu anayemuulizia mgonjwa.

Na kigudulia kilitaka kula. Chachu usipoilisha inakufa, usipoipa joto inakufa. Baridi ya mwaka ule, wanasema, ilikuwa kali hata moto wenyewe ulikuwa ukisogea karibu na watu ili uote. Tamsin alikilaza kigudulia kifuani chini ya nguo zote, na kila siku chache alikipa kijiko cha uji kutoka katika bakuli lake mwenyewe. Wakati huo kila punje ya chakula ilitoka katika ghala la wote. Ndiyo ilikuwa sheria ya Axmoor Mpya: hakuna changu wala chako, kila kitu kinaingia ghalani na kinagawanywa na Shemasi, na mwenye kuficha hata kitunguu anafungwa kwenye nguzo ya viboko mbele ya nyumba ya ibada. Bwana wa kola za lesi alishafungwa pale kwa ajili ya jibini.

Jirani yake, Bi Wilmot Chubb, mwanamke mwembamba mwenye ulimi usiopata likizo, hakuweza kuvumilia.

"Watu wanakwangua sufuria, wewe unalisha chungu!"

"Ninalisha kwa tumbo langu, Wilmot, si kwa lako."

"Na hicho kitu ukikizaa kitaitwa nani?"

"Nitakiita Wilmot. Maana kinachacha tu bila sababu."

Hata hivyo Wilmot ndiye aliyekwenda kwa Shemasi kuomba Tamsin apewe maganda ya maboga na mabua ya mahindi, vitu ambavyo hata nguruwe walivitazama mara mbili. Alikuwa na kiu kama wengine. Shemasi alikubali. Digory alitengeneza pipa dogo kwa mbao za msitu mpya, Tamsin akachemsha maganda na mabua mpaka yakatoa utamu kidogo, akamimina pipani, na yote yalipopoa kiasi akatia chachu. Alitia karibu yote. Akabakiza kijiko kimoja kwenye kigudulia, akakirudisha kifuani.

Pipa likawekwa nyumbani kwao, ukutani karibu na jiko. Kijiji kizima kilijua. Watu walipita kulisalimia. Pombe ikianza kuwa pombe, pipa huanza kunguruma na kutoa povu, kwa hiyo Tamsin aliliwekea sikio asubuhi na jioni. Pipa lilinyamaza. Alilifunika blanketi. Likanyamaza. Alilisemesha kwa upole, kisha akalitukana. Kimya.

"Imekufa," alisema Wilmot.

"Imelala."

"Hata mjomba wangu tulisema amelala."

Ndipo homa ikaingia kijijini, ikaanza na watoto, na mtu mzima wa kwanza kuanguka alikuwa Digory.

Alianguka karakanani akiwa na nyundo mkononi. Wanaume watatu walimburuta nyumbani wakamlaza kwenye godoro la majani, kando ya lile pipa. Homa ilimchemsha kiasi kwamba theluji iliyokuwa juu ya paa, upande wake tu, iliyeyuka. Hiyo ni chumvi yangu, lakini midomo yake kupasuka si chumvi. Ulimi ulimvimba. Uji haukupita, supu aliitapika. Alitaka kitu kimoja.

"Pombe," alisema.

"Bado haijawa, mume wangu. Kunywa hii kidogo tu, nimechanganya na siki."

Alinusa, akafunga meno. Tamsin alijaribu kijiko, Digory akageuza uso ukutani.

"Hayo ni maji."

"Ni maji safi, Digory. Hapa hakuna machinjio. Yule mama alikunywa mbele yako!"

"Pascoe naye alisema ni safi."

"Utakufa kwa kiu!"

"Nitakufa na neno langu. Wewe nipe pombe."

Tamsin alienda kwenye pipa, akapiga magoti, akaliwekea sikio. Hakuna kitu. Nyuma yake alisikia pumzi ya mumewe ikikwaruza kama msumeno mkavu, naye alijua vizuri anachokisikia, maana wiki hiyo hiyo aliwasaidia wenzake kuwaosha maiti wawili waliopumua hivyohivyo siku moja kabla ya kufa.  Mume wangu mimi alikuwa hajazaliwa bado, hata kutungwa. Digory angekufa siku ile, mimi ningeolewa na mtoto wa Wilmot Chubb, yule mwenye meno kama uzio uliogongwa na ng'ombe. Kwa hiyo nikisema kwamba mimi mwenyewe natetemeka nikifika hapa, mniamini.

Tamsin alichukua ndoo, akatoka mchana kweupe, akaenda kwenye chemchemi. Yenyewe haikuwa imeganda, ilikuwa ikifuka mvuke katikati ya theluji. Alichota. Njiani akavunja machipukizi ya msonobari. Nyumbani aliyachemsha mpaka yakatoa uchungu, akatia ganda la mkate alilolichoma likawa jeusi, ili rangi ipatikane, akachuja kwa kitambaa, akaipoza kwenye theluji. Akamimina katika kopo la bati la Digory, lile alilolileta kutoka kwao, lenye alama ya meno yake ukingoni. Kisha akatoa kigudulia kifuani, akachovya ncha ya kijiko, akapiga kwa nguvu mpaka likatokea povu dogo, akaliweka juu. Ilikuwa chachu yake ya mwisho duniani, na alikuwa akiipaka juu ya uongo.

Uongo nao ulikuwa na nguzo yake ya viboko. Lakini hilo halikuwa woga wake mkubwa. Woga wake ulikuwa kwamba Digory akigundua amekunywa maji, atakufa kwa kujua tu. Alikwisha kuwaona watu wakifa kwa kujua.

"Digory. Pipa limekubali."

Alifungua jicho moja. Aliona povu. Aliinuliwa kichwa, akanusa, akanywa fundo moja, akatulia. Tamsin aliacha kupumua.

"Nyepesi," Digory alisema.

"Ndiyo ya kwanza kutoka."

"Nyepesi kama ya mama yako."

"Usimtukane mama yangu ukiwa kitandani kwangu."

"Ongeza," alisema Digory.

Alikunywa kopo zima. Akanywa la pili, akalala, akaamka akiomba la tatu. Kila alipomnywesha, Tamsin alimtazama koo likipanda na kushuka, akiwaza, sasa atatambua, sasa atatambua. Kila alipokwenda chemchemini alificha ndoo chini ya shuka kama mtu aliyeiba mtoto. Kijiko cha chachu kilizidi kupungua, akawa anakilisha makombo na kukiombea. Homa ilipungua. Jasho likatoka. Siku moja Digory akaomba uji, kesho yake akaomba samaki, na kesho yake tena akaanza kulalamika kwamba samaki ana miba, ndipo Tamsin alipojua kwamba amepona. Akaenda nyuma ya nyumba akalia hadi kamasi ikaganda.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, maana Digory mzima alikuwa Digory mwenye mdomo.

Wilmot alipita dirishani kumjulia hali. Alimkuta ameketi kwenye godoro, kopo mkononi, povu kwenye masharubu.

"Ndugu Luscombe! Nilishakuandalia machozi!"

"Yatunze kwa ajili ya mumeo. Mimi nimeponywa na pombe ya mke wangu."

"Pombe ipi?"

"Kuna ngapi? Hii hapa. Nakunywa tangu wiki iliyopita."

Wilmot alitazama kopo. Akatazama pipa. Kisha akaondoka bila kuaga, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani.

Kabla ya mchana kuisha, Shemasi Pyne alikuwa mlangoni na wanaume wawili, nyuma yao watu wenye vikombe. Watu wenye kiu hawapigi hodi. Walikwenda moja kwa moja kwenye pipa, wakang'oa kizibo. Lilikuwa limejaa mpaka juu, halijaguswa, limepoa na kunyamaza kama kaburi.

Shemasi alinyooka polepole.

"Dada Luscombe. Hili halijatolewa hata tone. Mumeo anakunywa nini?"

Digory alicheka kitandani. "Huyu mwanamke ana akili! Ana pipa lingine!"

"Ndivyo ninavyowaza," alisema Shemasi. Lakini yeye hakucheka. "Shayiri ya pipa hilo imetoka wapi? Lipo wapi? Wagonjwa wako kumi nyumba za jirani, na wewe umeficha pombe ya wote kwa ajili ya mtu mmoja?"

 Oneni Tamsin alivyobanwa. Akisema, "Nimeficha pipa," ni mwizi, na anafungwa kwenye nguzo. Akisema, "Hakuna pipa, ni maji," Digory yuko pale, hatua mbili, mdomo bado una povu, na kiapo chake kiko juu ya jeneza la Pascoe.

"Zungumza, dada."

"Nipigeni," alisema Tamsin.

"Sikuuliza hilo. Nimeuliza pipa lipo wapi."

"Sisemi. Nipigeni tu, tumalize."

Digory aliacha kucheka. Hakuwahi kumsikia mkewe akizungumza kwa sauti ile. Shemasi akaamuru Tamsin apelekwe kwenye nguzo kesho yake, baada ya ibada.

Wilmot, nyie, usiku ule hakupata usingizi. Ndiye aliyepeleka habari, na alitaka ushahidi wa kuithibitisha. Kulipopambazuka alimfuata Tamsin kwa kunyatia kutoka mti hadi mti, alione hilo pipa la siri kwa macho yake. Alimwona akiinama chemchemini. Alimwona akichuma msonobari. Kupitia ufa wa ukuta alimwona akitoa kigudulia kifuani, akichovya kijiko na kupiga povu huku machozi yakidondoka humo humo. Wilmot alirudi nyumbani akaketi. Mumewe alimuuliza ameona nini, akasema, "Hakuna." Mumewe akadhani naye ameshikwa na homa.

Baada ya ibada ya asubuhi, Tamsin alitolewa nje, mbele ya nguzo. Watu walisimama duara kwenye theluji iliyokanyagwa. Shemasi Pyne hakuwa mtu mkatili, alikuwa na tatizo la kupenda sheria zaidi ya chakula. Aliuliza mara ya mwisho. Tamsin akaigeukia nguzo mwenyewe. Wakamvua koti, wakamfunga mikono. Kigudulia kilionekana chini ya gauni, kimevimba pale kifuani, na hakuna mwanamume aliyethubutu kukigusa.

Ndipo watu wakapisha njia. Digory alikuwa anakuja, amejifunga blanketi, anategemea fimbo, miguu inacheza kama ya ndama.

"Mke wangu mwizi?" alisema. "Basi mimi ndiye tumbo la wizi. Nifungeni mimi."

"Rudi kitandani, Digory!" Tamsin alipiga kelele. "Rudi ndani! Shemasi, mrudishe ndani, nakuomba, nipige haraka!"

Haraka ile ilimshangaza kila mtu. Mwenye mjeledi alimtazama Shemasi. Shemasi akaitikia kwa kichwa kuruhusu. Mkono ukainuka.

"Jamani, acheni!" Ilikuwa sauti ya Wilmot. "Si mwizi! Hakuna pipa! Ni maji! Ni maji ya chemchemi na msonobari, anayapaka povu kwa sababu huyu mjinga mkubwa hanywi! Nimeona kwa macho yangu! Ni maji!"

Mkono wa mjeledi ulishuka wenyewe.  Tamsin hakumtazama Wilmot, wala Shemasi. Alimtazama mumewe.

Digory aliangalia chini, kwenye tumbo lake, kama mtu aliyeambiwa kuna nyoka mfukoni. "Yote?" aliuliza.

"Yote," Tamsin alijibu.

"Hata ile ya jana?"

"Hata ya leo asubuhi."

Akakaa kwenye theluji. Kisha akalala.

Walimbeba tena hadi kwenye lile godoro, kando ya lile pipa. Shemasi alimfungua Tamsin, akavaa kofia, akavua, akavaa. Nyumba ilijaa watu. Digory alilala chali, mikono imekunjwa kifuani, macho kwenye paa, akisubiri. Uso ulikuwa umepauka kuliko siku zote za homa. Jasho jembamba lilimtoka. Tamsin alimshika kifundo cha mkono akausikia moyo wake ukienda mbio kama farasi asiye na mpandaji.

"Nisamehe, Digory."

"Nimekusamehe. Pascoe alianza na tumbo. Litaanza tumbo."

"Halianzi."

"Litaanza. Nizikeni katika pipa langu kubwa, lile la mwaloni. Nitakunjwa magoti."

"Maandiko hayasemi lolote kuhusu kuzika mtu amechuchumaa," alisema Shemasi.

"Basi andika ya kwako, Shemasi. Mimi nakufa."

Wilmot alikuwa kwenye kona akilia kwa sauti, akisema yeye ndiye muuaji, akiomba afungwe kwenye nguzo yeye. Mtu alimwambia anyamaze, foleni ni ndefu. Tamsin hakulia. Alihesabu pumzi za mumewe, naye aliona zinazidi kuwa fupi. Alijua kwamba maji hayakuwa na kosa. Alijua pia kwamba hilo halitamsaidia.

Halafu ikasikika. Ngurumo ndogo. Grr. Kimya. Kisha grrr, ndefu zaidi.

Digory alifumba macho. "Umesikia? Tumbo. Limeanza."

Tamsin aliinama akaweka sikio juu ya tumbo la mumewe. Akasikiliza. Akahamisha sikio upande wa pili. Watu wote waliacha kupumua. Ngurumo ikaja tena, na safari hii ikafuatiwa na mlio wa fsss, kama paka aliyekanyagwa mkia.

Tamsin aliinua kichwa. Alitambaa kwa magoti, akampita mumewe, akaweka sikio kwenye pipa.

"Si tumbo," alisema.  "Si tumbo, Digory! Ni pipa!"

Kizibo, ambacho wanaume wa Shemasi walikirudisha kwa kukigonga kwa nguvu, kiliruka kikampiga Shemasi kofia, na povu likapanda, likamwagika kwenye mbao, likashuka hadi kwenye godoro. Wanasema joto la watu wengi waliojazana kumuaga marehemu mtarajiwa ndilo lililoiamsha chachu. Mimi nasema ni uchokozi tu, pipa lilimwiga mwenye kulitengeneza. Watu walipiga mayowe. Vikombe vilitoka makotini, maana hata kwenye msiba walikuja navyo.

Shemasi alisimama mbele ya pipa akanyoosha mikono. "Taratibu! Anaanza mgonjwa!"

Bado ilikuwa changa, imechafuka, lakini ilikuwa pombe, ya kwanza kupikwa Axmoor Mpya. Tamsin alijaza lile kopo la bati. Digory aliketi. Alikuwa amesahau kwamba anakufa, au alisitisha kidogo kwa ajili ya kopo. Alinusa. Akavuta fundo kubwa, akalizungusha mdomoni kama fundi.

Akalitema ukutani.

"Hii nini?"

"Ni pombe, mume wangu. Ya kweli. Naapa."

"Inanuka boga. Ni chachu kama sura ya Wilmot." Alimrudishia kopo. Watu wote walimtazama, masikio yakaanza kumwiva. Kisha akasema kwa sauti ya chini, ambayo kwa Digory ilikuwa bado inasikika barabarani: "Nipe ile ya kwanza."

"Ipi?"

"Usinifanye niseme. Ile."

Tamsin alichukua ndoo. Safari hii hakuificha. Alipita katikati ya watu hadi chemchemini, akachota, akarudi. Hakuna aliyecheka mpaka Digory alipomaliza kopo na kujifuta masharubu. Wilmot ndiye aliyeanza.

Bi Tamsin aliishi sana baada ya hapo. Alizaa wanne, akazika mmoja. Alipikia kijiji kizima pombe, ya maboga, ya mahindi, na mwishowe ya shayiri ilipokubali udongo, na kwenye arusi yangu watu walikunywa hadi wakamsifia mtoto wa Wilmot meno. Lakini mezani kwake, mbele ya mzee wake, kulikuwa na jagi la kinywaji cha msonobari lililopakwa povu kidogo juu. Digory alilinywa miaka yote iliyobaki, na hakuna aliyewahi kulitaja kwa jina lake. Mgeni akisema neno "maji" pale nyumbani, mzee aliinuka akatoka kuangalia mapipa. Siku alipofariki, akiwa na mvi hadi masikioni, alimwita mkewe akamuuliza kama kiapo chake kwa Pascoe kilivunjika.

"Ulikunywa kikombe nilichokupa mimi," Tamsin alimwambia. "Kiapo hakikusema kitu kuhusu kikombe changu."

Akaridhika.

Kigudulia ninacho mimi. Nimekilisha leo asubuhi.